Kaunta buku ya migao: shajara ya meza yetu ya poka, Isanga, Mbeya

Jumamosi, 7 Juni. Migao 34.

Leo nimefungua kaunta buku mpya ya kwaya mbili, na kuanzia sasa kila mgao wa poka unaochezwa kwenye meza ya Mama Mkubwa utaandikwa humu kabla karata hazijakusanywa.

Chanzo ni mgao mmoja wa Desemba iliyopita. Dada alikuwa amekuja kutoka Iringa, tukawa sita mezani. Mjomba alishika saba mbili, Fundi kingi mbili. Mezani zikafunuliwa kingi, saba na mbili, kwa hiyo kila mmoja akawa na karata tatu za namba moja na kila mmoja akaamini mwenzake amekwisha. Wakamwaga maharage yote, ambayo ndiyo dau letu, kwenye sinia. Karata ya nne haikubadili kitu. Ya tano ikawa saba ya mwisho iliyobaki, Mjomba akawa na saba nne na kumpiga Fundi. Kelele tulizopiga ziliamsha mbwa wa mtaa mzima.

Jumapili iliyopita tuliusimulia tena mgao ule, na hapo ndipo uchungu uliponianza. Mjomba anasema saba ile ilikuwa ya kopa, Fundi anaapa ilikuwa ya shupaza. Mdogo wangu anasema Fundi hakushika kingi bali ree. Mama Mkubwa anakumbuka umeme ulikuwa umekatika. Mimi nakumbuka taa ikiwaka na uso wa Fundi ukibadilika chini yake. Miezi sita tu imepita, na jambo tuliloliona sote kwa macho limeshakuwa hadithi tano. Nimeziandika zote tano kwenye ukurasa wa kwanza, kila mtu kwa maneno yake, bila kumsahihisha yeyote.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: tunacheza ule wa Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa tatu mezani, halafu ya nne, halafu ya tano, na kabla ya kila hatua, na tena baada ya ile ya mwisho, mtu anaweza kupita, kupandisha, kufuata au kutupa. Anayefika mwisho anaunda karata tano bora kutoka kwenye saba anazoweza kuzitumia. Sisi tunaweka maharage, ya njano moja, mekundu tano, punje ya mahindi ishirini na tano. Fedha haiingii kwenye sinia letu, Mama Mkubwa alilisema hilo siku ya kwanza na hakuna aliyelirudia.

Jumamosi, 14 Juni. Migao 41.

Baridi kali. Tulicheza na masweta, na Mama Mkubwa alileta chai ya tangawizi mara tatu. Kuandika kunachelewesha mchezo na Fundi amelalamika. Tumekubaliana niandike kwa ufupi: karata zangu mbili, za mezani, nani kamwaga, nani kaonyesha nini.

Nimeongeza safu moja pembeni, naiita uokozi. Kila mtu anapomwaga zote akiwa nyuma na karata zikafunuliwa, nahesabu ni karata ngapi zingeweza kumwokoa, kisha naandika kama imekuja au la. Kwa mgao wa Desemba hesabu ni rahisi. Ukishazijua nne za mikononi na nne za mezani, zimebaki 44, na iliyomfaa Mjomba ilikuwa moja tu. Moja kati ya 44. Tangu siku ile Mjomba anasema akihitaji karata moja, inakuja. Nampenda sana Mjomba, ndiyo maana nataka kujua.

Jumamosi, 21 Juni. Migao 38.

Hakuna jipya. Mvulana wa jirani alisimama mlangoni saa nzima akitazama. Mama Mkubwa akamrudisha kwao na ndizi mbili.

Jumapili, 29 Juni, alfajiri. Migao 40 ya jana, na yote nimeifuta.

Sijalala. Jana usiku baada ya wageni kuondoka nilikaa kujumlisha. Nilitaka kuona kila karata imefunuliwa mara ngapi, kazi ya kawaida kwangu, maana dukani ninatunza hesabu za pembejeo na nimezoea kupatanisha leja na stoo. Nikachora vyumba 52 na kuanza kupiga vistari. Ree ya uru, vistari kumi na viwili. Kwini ya pau, tisa. Vyumba vikajaa kimoja kimoja, mpaka nikafika chumba cha tisa ya pau. Kilikuwa cheupe.

Nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka. Katika Jumamosi nne, tisa ya pau haikuonekana mezani wala mkononi mwa mtu yeyote aliyeonyesha karata. Nikaitandika pakiti mkekani, safu nne, kila aina na safu yake. Kopa 13. Uru 13. Shupaza 13. Pau zikaishia 12, na kati ya nane na kumi hapakuwa na kitu. Nilihesabu mara tatu kwa mwanga wa simu, kidole juu ya kila karata.

Migao 153 imekwenda. Siwezi kuitumia kwa hesabu yoyote, kwa sababu pakiti ya karata 51 ni mchezo mwingine. Mbaya zaidi, sijui ilipotea lini. Kama haikuwepo tangu Desemba, basi Mjomba aliipata saba yake kati ya karata 43.

Nimepiga mstari mwekundu kurasa zote, lakini sikuzichana.

Jumamosi, 5 Julai. Migao 42. Tunahesabu upya kutoka moja.

Nimenunua pakiti mpya ya plastiki Kabwe. Tumeihesabu pamoja kwa sauti kabla ya kugawa, na tutafanya hivyo kila Jumamosi.

Tisa ya pau imepatikana. Mama Mkubwa alisogeza meza afagie, akaiona imekunjwa mara nne chini ya mguu ule mfupi. Hakuna anayekumbuka kuiweka. Imelainika kama kitambaa, na ule mkunjo umefuta ua moja katikati. Nimeibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa mstari mwekundu.

Jumamosi, 12 Julai. Migao 39.

Jambo la kuchanga karata linanisumbua. Mgao wa 51 mezani palilala kumi, jeki na nne. Mgao wa 52 zikaja tena kumi na jeki, jirani kwa jirani. Mgao wa 60 na 61 hali hiyo hiyo. Sisi huchanga kwa kudondosha vifungu vifungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mara tatu au nne, kisha tunagawa. Karata zilizolala pamoja mezani zinakusanywa pamoja na kurudi pamoja. Mtu aliyeshinda kwa jeki mbili anaziona jeki zimemfuata na kusema leo ni siku yake.

Mdogo wangu, anayesoma chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya, ametuletea habari ya wanahisabati wawili wa Marekani, Dave Bayer na Persi Diaconis. Mwaka 1992 walionyesha kwamba pakiti ya karata 52 inahitaji kuchangwa takribani mara saba ndipo mpangilio wa zamani upotee vya kutosha, na hapo ni kuchanga kwa kugawa pakiti nusu mbili na kuzipitisha ncha kwa ncha ziingiliane. Namna yetu ya vifungu ni dhaifu zaidi ya hiyo, ingehitaji kurudiwa mara nyingi mno.

Basi kazi hiyo amepewa Fundi. Ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, na vidole vyake vimezoea kitambaa. Anaikata pakiti nusu, anaziinua pembe kwa vidole gumba, anaziachia, na karata zinaingiliana kwa sauti kama mvua inayoanza juu ya bati. Mara saba. Sote tunanyamaza akifanya hivyo.

Jumamosi, 19 Julai. Migao 44.

Karata zinazofuatana sasa ni chache. Mjomba amesema mchezo umepoa. Nimeliandika neno lake kama alivyolisema.

Jumamosi, 26 Julai. Migao 37.

Mdogo wangu alisafiri kwenda Iringa kumsalimia Dada, kwa hiyo tulikuwa wanne. Huwa anacheza poka ya mtandaoni kwa sarafu za bure, na ndani ya basi akapata mgao ambao sijawahi kuuona mezani kwetu. Walipokuwa Chimala alishika jeki mbili, na katika zile tatu za kwanza za mezani zikaja jeki nyingine mbili. Ukishashika pea, jambo hilo hutokea mara moja katika 408. Akapandisha. Wote watano wakatupa. Akaokota sarafu chache za mwanzo, na kabla hajapiga picha ya skrini mtandao ukakata, ukarudi karibu na Igawa, meza nyingine, watu wengine.

Alinipigia kutoka Makambako. Aliniambia, "Dada, nimeshika jeki nne na hapa nilipo sina wa kumwambia. Jirani yangu kwenye siti amelala." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nikamwambia anisomee karata zote tano za mezani niziandike. Hazimo kwenye hesabu ya meza yetu, ila zina ukurasa wake.

Tofauti ya simu na meza ni hiyo. Programu inahifadhi kila mgao yenyewe, haibishani na mtu. Tena inagawa kwa kasi ambayo sisi hatuiwezi: saa moja mezani kwetu ni migao kumi na mitano au ishirini, kwenye simu ni sitini na zaidi. Kwa hiyo maajabu ambayo mezani yangekuchukua mwaka, simu inakupa kabla ya masika kwisha, na watu wanayaona mengi wanasema mashine inachezewa. Kuna wakati lawama ilikuwa na haki. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa kompyuta walikagua namna programu moja ya poka ilivyochanga karata na kukuta mpangilio wake unategemea saa ya seva. Wakishajua karata tano, waliweza kuzitaja zote zilizobaki. Kosa hilo lilitangazwa na likarekebishwa. Mdogo wangu alipotuhadithia, Fundi aliitazama mikono yake mwenyewe muda mrefu.

Jumamosi, 2 Agosti. Migao 46.

Tarehe ya leo ina uzito kwenye mchezo huu. Tarehe 2 Agosti 1876, katika mji wa Deadwood huko Marekani, Wild Bill Hickok alipigwa risasi kisogoni akiwa kwenye meza ya poka. Inasemwa alikuwa ameshika ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi, na mpaka leo watu huziita karata za maiti. Ya tano ilikuwa ipi? Wanabishana hadi leo. Na hata zile nne, habari yake ilikuja kuenea kwa kitabu kilichotoka miaka hamsini baadaye. Mgao unaojulikana kuliko yote duniani haukuandikwa na mtu mezani siku ile. Niliposoma hayo nilihisi kaunta buku yangu ina kazi.

Ukitaka kinyume chake, chukua mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingia mashindano makuu ya dunia ya Las Vegas kwa tiketi aliyoshinda kwenye poka ya mtandaoni. Walikuwa wachezaji 839. Walipobaki kumi, alikutana na Phil Ivey. Moneymaker ana ree na kwini, Ivey ana tisa mbili. Mezani zikaja kwini mbili na sita. Ya nne ikawa tisa, Ivey akapata tatu-na-mbili, yaani karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na Moneymaker akawa anakufa. Ya tano ikawa ree. Kwini tatu na ree mbili, Ivey akatoka. Moneymaker akaenda kuchukua dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata waliojisajili wakafika 2,576. Tunaijua kila karata kwa sababu kamera zilikuwa zikiona zile za siri. Hakuna wa kusema ilikuwa ya kopa au ya shupaza.

Nimewasimulia mezani. Mama Mkubwa akauliza kama yule Ivey alilia. Sikuwa na jibu.

Jumamosi, 9 Agosti. Hatukucheza. Wiki nzima nilikuwa kwenye banda letu la Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, na miguu imevimba.

Jumamosi, 16 Agosti. Migao 41.

Mgao wa 231. Nauandika kwa urefu.

Mdogo wangu alikuwa ametuhadithia habari za Doyle Brunson, aliyeshinda mashindano makuu ya dunia mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili karata zake mbili za siri kwenye mgao wa mwisho zilikuwa moja ya kumi na moja ya mbili. Ni karata dhaifu, mtu mwenye akili huzitupa. Mara zote mbili zikamletea tatu-na-mbili. Mama Mkubwa aliisikiliza hadithi hiyo huku akichambua mchele, hakusema neno.

Saa tatu usiku umeme ukakatika. Tukaegemeza simu mbili kwenye birika. Mama Mkubwa, ambaye hutupa migao mingi kuliko sisi wote, akafuata. Mezani: kingi ya kopa, kumi ya pau, sita ya shupaza. Fundi akapandisha, Mama akafuata tena, akihesabu maharage mekundu moja moja kwa ncha ya kidole. Ya nne: mbili ya uru. Fundi akamwaga zote. Mama akasukuma rundo lake lote taratibu, mpaka punje ya mwisho ya mahindi, akafunua. Kumi ya kopa. Mbili ya shupaza.

Fundi alikuwa na kingi ya uru na kwini ya shupaza. Pea mbili za Mama zilikuwa mbele. Nikahesabu harakaharaka pembeni. Kati ya karata 44 zilizobaki, za kumwokoa Fundi ni kingi mbili, kwini tatu na sita tatu. Nane. Zile 36 zote zilikuwa za Mama Mkubwa.

Ikaja sita ya uru.

Fundi akawa na kingi mbili na sita mbili, na zile mbili za Mama hazikuwa na thamani tena. Fundi hakushangilia. Alisema, "Pole, mama yangu," akaanza kumrudishia maharage. Mama akamzuia mkono. "Yaache, mwanangu. Nimeshinda mpaka ya tano." Kisha akanigeukia akauliza kama nimeandika zote, pamoja na ile mbili. Nikamsomea kwa mwanga wa simu, karata kwa karata.

Brunson anakumbukwa kwa kumi na mbili zake kwa sababu zilikuja. Kumi na mbili za Mama Mkubwa, zilizokuwa na nafasi 36 katika 44 na hazikusimama, zimo humu.

Jumamosi, 23 Agosti. Migao 43.

Mjomba ana mafua, alicheza na shuka mabegani. Ameniuliza ile safu ya uokozi imefikia wapi. Nimemwomba asubiri.

Jumamosi, 30 Agosti. Migao 38.

Fundi ametangaza ana mkosi. Amesema mwaka mzima hajaokolewa hata na karata moja, na kwamba mtu aliyepigwa na saba ile ya Desemba hawezi kupona. Nilifungua kinywa nikakifunga.

Swali lililojirudia leo ni la ree, kingi, kwini, jeki na kumi za aina moja, mpangilio ambao meza yetu inauita Ikulu. Tutauona lini? Ukicheza kila mgao mpaka karata ya tano, Ikulu huja mara moja katika 30,940. Kwa migao yetu 42 hivi ya kila Jumamosi ni miaka 14 na zaidi kwa mtu mmoja, bila kukosa Jumamosi. Mwaka 2008, kwenye mashindano hayo hayo ya dunia, Motoyuki Mabuchi alipata ree nne, akakutana na Justin Phillips mwenye Ikulu. Ree nne, na bado ukashindwa! Mjomba aliinamisha kichwa kama amesikia msiba wa nyumba ya tatu.

Jumamosi, 6 Septemba. Migao 45. Jumla 375.

Leo nimewasomea hesabu.

Kwanza zangu, kuonyesha sina upendeleo. Pea ya mkononi huja mara moja katika migao 17, kwa hiyo nilitarajia 22. Nimepata 19. Ree mbili huja mara moja katika 221. Sijaziona hata mara moja tangu Julai.

Kisha uokozi. Mjomba amemwaga akiwa nyuma mara kumi na moja, ameokolewa mara mbili. Nikijumlisha nafasi alizokuwa nazo kila mara, alistahili takribani mbili. Yaani karata zimemtendea sawasawa na anavyostahili mtu yeyote. Fundi amemwaga akiwa nyuma mara tisa, ameokolewa mara tatu. Hakuna aliyeokolewa zaidi yake.

Nilisema wazi kwamba mara tisa ni chache mno, huwezi kumwita mtu mwenye bahati wala mwenye mkosi kwa mara tisa. Fundi hakulisikia hilo. Aliomba aone. Nikamgeuzia kaunta buku na kumwekea kidole: mgao wa 88, kopa ya tano aliyoipata kwa Mjomba, mgao wa 164, jeki aliyoipata kwangu, mgao wa 231. Ule wa 231 aliukumbuka. Wa 164 kidogo. Wa 88 hakuukumbuka kabisa. Alisoma mwandiko wangu mara mbili, akasema polepole, "Dada, na hii nilikuwa mimi?" Nikamwambia alikuwa yeye, na kwamba baada ya kuokota maharage alisema ana njaa, maana hilo nalo nimeliandika.

Mjomba alikaa kimya mpaka nikaogopa nimemwumiza. Kisha akasema, "Lakini ile ya Desemba ilikuja." Ndiyo, Mjomba. Ilikuja.

Mgao wa 371 Mjomba alishika saba mbili. Mezani ree, kwini na tisa, Fundi akapandisha, Mjomba akazitazama saba zake muda mrefu, akazitupa huku akizionyesha. Kwa kuwa Mama Mkubwa alikuwa bado anafuata, karata ziliendelea. Ya nne ilikuwa tatu ya pau. Ya tano ilikuwa saba ya uru. Angewapiga wote. Mjomba akaigusa ile karata kwa kidole kimoja, akaniambia, "Andika hivyo hivyo, mwanangu."

Dada anakuja Jumamosi ijayo. Yeye pia alikuwepo Desemba, na hajawahi kuuona ukurasa wa kwanza. Nitamkalisha jikoni kabla hajasalimiana na Fundi, anieleze saba ilikuwa ya nini na taa ilikuwa inawaka au la, niandike maneno yake kuwa ya sita. Wino mwekundu umekwisha, ninunue mwingine. Na mguu wa meza bado unahitaji kipande cha mbao.